Kuisaidia shule ya umma ya mtaani bila kuiachia mzigo

Stoo ya shule iliyozoea wafadhili ina sura yake. Kuna kompyuta kumi na kitu zisizowaka, maboksi ya vitabu vya lugha ambayo hakuna mtoto hapo anayeisoma, mipira iliyoisha upepo kwa sababu pampu haikuletwa, na koki ya tangi iliyovunjika ikisubiri mwenzake asiyekuja. Kila kimoja kilipokelewa kwa hafla na picha zikapigwa. Swali ambalo halikuulizwa siku hiyo ni moja: kikiharibika, nani anakitengeneza, na kwa hela ipi?

Mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka kushikana na shule moja kwa mwaka mmoja au zaidi: waliosoma hapo zamani, majirani, wafanyakazi wa kampuni, wanachama wa kikundi cha kuweka akiba. Shule yenyewe ni ile ya mjini yenye watoto wengi kuliko madarasa, kiwanja chembamba, na wazazi wanaoishi kwa kibarua cha siku kwa siku.

Kabla ya kutoa chochote, hesabuni

Andikeni barua fupi kwa mwalimu mkuu, na nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Ziara ya kwanza msiende na zawadi. Mkifika na maboksi mtaonyeshwa kile mnachotaka kuona, na mazungumzo yote yatakuwa ya kushukuru.

Nendeni siku ya kawaida ya masomo, mkae tangu nusu saa kabla ya kengele ya asubuhi hadi mapumziko ya kwanza yaishe. Mapumziko ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote. Simameni mbali kidogo na vyoo vya wasichana, mtazame foleni kwa saa. Kengele ya kurudi darasani ikilia na bado wapo waliosimama, mmeshapata kazi ya kwanza bila kumuuliza mtu.

Andikeni kwenye daftari idadi ya wasichana na wavulana kwa kila darasa, matundu ya choo yanayotumika (si yaliyojengwa), koki zinazotoa maji siku hiyo, vitabu vya kiada kwa somo na darasa, na madawati kwa mafungu matatu: mazima, yanayotengenezeka, na ya kuvunjwa kwa mbao. Idadi ya wanafunzi msiinakili kutoka kwenye rejista peke yake. Familia za mijini huhama kufuata kodi ya nyumba, na mara nyingi mtoto huondoka katikati ya muhula bila barua ya uhamisho. Jina lake hubaki kwenye rejista huku wageni watatu wakiwa wamekaa nyuma bila kuandikishwa. Hesabuni vichwa siku tatu tofauti, mojawapo iwe Ijumaa.

Halafu zungumzeni na watu ambao wafadhili huwapita: mlinzi, mfanya usafi, mwalimu wa zamu, na wanafunzi wa madarasa ya juu. Mwalimu mkuu ataomba geti jipya au chumba cha kompyuta, na hakosei, maana ndiye anayebanwa na wakaguzi na wazazi. Mfanya usafi atawaambia ni tundu lipi limeziba tangu mwaka jana. Wasichana wa darasa la juu watawaambia ni choo kipi hawaingii na kwa nini. Majibu hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayobadilisha bajeti.

Choo kwanza, halafu maji ya kukihudumia

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi mashuleni unataka tundu moja kwa kila wasichana 25. Kwa wavulana, tundu moja pamoja na sehemu moja ya kukojolea (au sentimita 50 za ukuta wa kukojolea) kwa kila 50. Shule ya watoto 900, nusu kwa nusu, ingehitaji matundu 18 ya wasichana, matundu 9 ya wavulana na ukuta wa kukojolea wa mita 4.5, mbali na vyoo vya walimu. Ni shule chache za mitaa ya mabanda zinazokaribia hapo, na kikundi chenu pengine hakitaifikisha. Tumieni kipimo hicho kujua pengo, kisha anzeni na matundu yaliyopo lakini yamekufa. Kufufua tundu moja ni rahisi mno kuliko kujenga jipya, tena hakuli kiwanja.

Sababu ya tundu kuachwa mara nyingi ni ndogo. Mlango hauna komeo kwa ndani. Au komeo lilikuwepo lakini lilifungwa kwa skrubu fupi kwenye ubao mwembamba, likang'oka wiki ya pili. Fungeni komeo kwa bolti inayotoboa mlango upande hadi upande, na washa pana (kipete bapa cha chuma) na nati kwa nje, kisha mwambieni fundi agonge ncha ya bolti ili nati isifunguke kwa mkono. Wekeni msumari au ndoano ya kutundikia begi na sweta. Mtoto asiye na pa kuweka begi huliachia mwenzake mlangoni, na foleni inakuwa ndefu. Mwanga nao usidharauliwe. Kipande cha bati angavu la plastiki juu ya kila chumba humaliza giza bila umeme.

Choo cha shimo huhesabiwa kimejaa pale uchafu unapofika sentimita 50 chini ya sakafu. Pimeni kwa fimbo kila mwisho wa muhula na mwandike tarehe. Mjini haiwezekani kuhamisha shimo kila linapojaa, kwa hiyo ni lazima linyonywe, na hapo ndipo shule nyingi hukwama: gari la kunyonya halifiki. Kabla ya kuchangia choo kipya, pimeni kwa utepe umbali kutoka mahali gari linapoweza kusimama hadi kwenye shimo, muulize mwenye gari mpira wake una urefu gani, na mhakikishe upana wa geti na ugumu wa njia wakati wa mvua. Choo kizuri kilichojengwa nyuma ya madarasa ambako mpira haufiki kina umri wa shimo moja tu.

Kitu cha pili kinachoua shimo ni takataka. Pedi, vitambaa, chupa na karatasi ngumu huziba mpira wa gari, na mnyonyaji hukataa kurudi. Msiwakemee wasichana. Wekeni pipa lenye mfuniko ndani ya kila chumba chao, mtu wa kulimwaga kila siku mwenye glavu, na njia iliyokubaliwa na shule ya kuteketeza. Akiba ya pedi ikae kwa mwalimu wa kike ambaye msichana anaweza kumwendea bila kupita ofisi ya mwalimu mkuu. Kabati lililofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja asiyeonekana ni sawa na kabati tupu.

Kuhusu maji, mwongozo huohuo unaweka lita 5 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kunawa na usafi, na vyoo vya kumwagia maji vinaongeza lita 1.5 hadi 3. Kwa watoto 900 hizo ni lita 4,500 kabla ya kumwaga chooni hata mara moja. Kumbe tangi la lita 5,000 ambalo wengi huliona kubwa ni maji ya siku moja. Kama bomba la mtaa hutoa maji mara mbili kwa wiki, mnahitaji matangi matatu au manne. Au mseme wazi kwamba tangi moja ni la kunawa tu.

Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Kiweko cha matofali yasiyo na zege juu yake kitazama upande mmoja, kitako cha tangi kitapinda, nalo litapasuka pale bomba linapotokea. Mwageni zege lililosawazishwa kwa pima maji, pana kuliko kitako cha tangi pande zote, na mliache likomae kwa siku saba likimwagiwa maji kabla ya kupandisha chochote.

Mvua ni msaada wa bure wenye hesabu nyepesi: zidisha eneo la paa kwa mita za mraba na milimita za mvua, kisha zidisha kwa 0.8 kwa ajili ya yanayopotea. Paa la mita 8 kwa 7 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita karibu 900. Mifereji isipokuwa na mteremko kuelekea tangi, maji husimama na mbu huzaliana. Maji ya kwanza ya kila mvua yameosha kinyesi cha ndege na vumbi, yamwageni pembeni. Kipande cha bomba lililosimama chenye kizibo cha kufungua chini kinafanya kazi hiyo. Hata hivyo maji ya paa yawe ya kunawa na choo. Ya kunywa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, yasubiriwe dakika 30, na yasiwe na tope, maana klorini hufa kwenye maji machafu.

Sabuni ya mche hutoweka siku ya kwanza. Badala yake tieni vijiko viwili vya chai vya sabuni ya unga kwenye chupa ya lita 1.5 ya maji, mtoboe mfuniko kwa msumari, muifunge kwa kamba karibu na koki. Hakuna anayeiba chupa ya maji ya povu.

Madawati na ubao

Madawati hayafi kwa kuchakaa, hufa kwa kutikisika. Msumari hulegea kila mtoto anapojisogeza, tundu linapanuka, mguu unatoka. Dawati lililolegea lisipigwe msumari mwingine: toeni ya zamani, pakeni gundi ya mbao kwenye maungio, tobolesheni na mfunge bolti ya milimita 8 yenye washa pande zote. Fundi mmoja na msaidizi wakipewa nafasi, vifaa na mbao za madawati yaliyovunjwa, watafufua mengi kwa hela ya kununulia mapya machache. Kimo kipimwe kwa mtoto: akikaa, nyayo zote ziguse sakafu na goti likunjike kwa pembe mraba. Kwa madarasa ya chini kateni miguu. Shule hupewa madawati ya kimo kimoja kwa sababu ndivyo karakana inavyopenda, na mtoto wa miaka sita hutumia mwaka mzima akining'iniza miguu.

Ubao uliofifia huoshwa, hupigwa msasa, hujazwa nyufa, hupakwa rangi ya ubao mara mbili kwa rola laini. Ukikauka kabisa, na kabla ya kuandika neno la kwanza, laza chaki ubavu, paka ubao wote uwe mweupe, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Ukiruka hatua hii, maandishi ya kwanza yataganda na kuonekana kama kivuli hadi rangi ibadilishwe. Mkimaliza, kaeni kwenye dawati la pembeni kabisa saa nne asubuhi. Kama dirisha linaakisi ubaoni hamuoni kitu, na mtoto wa hapo hajawahi kuona pia.

Na mkiwa hapo, pimeni macho. Chati ya herufi E zinazogeuka, kamba ya mita 6, jicho moja likifunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza. Mwalimu aliyeonyeshwa na muuguzi anaweza kuifanya. Asiyeweza kusoma mstari ulioandikwa 6/12 kwenye chati kwa jicho lolote apelekwe kwa mtaalamu, na hela ya miwani iwe imetengwa kabla ya kuanza kupima. Kumwambia mzazi mtoto wake haoni vizuri kisha kumwachia tatizo si msaada.

Vitabu: vichache na vinavyosomeka

Katika utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009, shule zilizopewa vitabu vya kiada hazikupandisha wastani wa alama. Waliofaidika ni watoto waliokuwa mbele tayari, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza kigumu kuliko uwezo wa wengi. Shule zile zilikuwa za kijijini, lakini mjini ugonjwa ni uleule. Kabla ya kununua vitabu 200, chukueni kimoja, mwombe watoto kumi wa darasa husika wasome ukurasa mmoja kwa sauti. Wakishindwa saba, hicho si kitabu chao bado.

Vitabu vya hadithi vyenye mistari mitatu hadi sita kwa ukurasa, nakala tano au sita za kila kimoja ili kikundi kisome pamoja, vina kazi kubwa kuliko maktaba ya vitabu mia vya nakala mojamoja. Vifunikeni kwa plastiki siku ya kuvipokea, mvipe namba, mviandike kwenye leja, halafu vikae darasani kwenye sanduku. Mwalimu anayeogopa kudaiwa kitabu kilichopotea atavifungia. Kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi kwamba kitabu kimoja kati ya kumi kuchakaa au kupotea kwa mwaka ni jambo la kawaida na hakuna atakayedaiwa.

Kuwafundisha kusoma walioachwa nyuma

Hapa ndipo kikundi chenye muda kuliko hela kinaweza kufanya kitu kikubwa. Darasa likiwa na watoto 90, mwalimu hufundisha wale wanaomfuata. Mtoto aliyekosa kusoma katika miaka miwili ya kwanza hupandishwa hivyohivyo kila mwaka, akinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri asioweza kuusoma. Shirika la Pratham la India lilijipatia jina kwa kufanya jambo rahisi: kwa saa moja hivi kwa siku, watoto hupangwa kwa kiwango cha kusoma, si kwa darasa wala umri.

Kipimo ni karatasi moja yenye ngazi nne: silabi, maneno, aya fupi ya sentensi nne, na hadithi fupi. Mpimeni mtoto peke yake, mbali na wenzake, kwa dakika nne. Anzeni na aya. Akiisoma kwa mtiririko wa sentensi, bila makosa zaidi ya matatu, mpeni hadithi. Akiisoma neno kwa neno kama anayehesabu mawe, au akikosea zaidi, shukeni kwenye maneno. Akipata manne kati ya matano, hiyo ndiyo ngazi yake. Asipopata, shukeni kwenye silabi kwa kipimo kilekile. Watoto 90 kwa dakika nne ni saa sita. Wapimaji watatu humaliza kwa saa mbili. Aya iwe mpya kabisa. Mkitumia kitabu cha darasa mtakutana na watoto waliokikariri, wanaosoma ukurasa huku wakitazama dari.

Tuseme mmepata watoto 48 walio chini ya ngazi ya aya. Vikundi vya watoto sita ni vinane, kwa hiyo wanahitajika wasomeshaji wanane na wawili wa akiba. Wa akiba si mapambo: mwezi wa pili wa mpango ndio ambao watu hupata udhuru, na kikundi kilichokosa mwalimu wake mara mbili mfululizo hakirudi. Siku tatu kwa wiki, dakika 40, wiki kumi, ni vipindi 30. Mara moja kwa wiki ni sawa na kutofanya, kwani mtoto husahau kati ya Jumamosi na Jumamosi.

Dakika 40 zigawanywe hivi: tano za mchezo wa sauti bila karatasi, kumi za silabi na maneno kwenye kadi, kumi na tano za kusoma matini moja kwa pamoja na kisha kwa zamu, saba za kuandika neno au sentensi inayotokana na walichosoma, tatu za kila mtoto kusoma mstari wake wa mwisho.

Mfano wa karibu. Mnaweka kidole chini ya neno nyanya. Mtoto aliyefundishwa ba-be-bi-bo-bu peke yake atasema "ni-ya-ni-ya", atanyamaza, kisha atawatazama usoni aone kama mmeridhika. Huyo si mvivu. Hajaonyeshwa kwamba n na y zikikaa pamoja ni sauti moja. Andikeni ya, chini yake nya, mtamke zote mbili akiwa anatazama mdomo, mumwache azitamke, kisha mumpe nyoka, nyumba, nyama, na mwishoni mrudi kwenye nyanya. Dakika tano. Kipindi kijacho mtakutana naye kwenye ng'ombe na ngoma, na dawa ni ileile: zilinganisheni mbili zinazomchanganya, moja juu ya nyingine, badala ya kumrudisha mwanzo wa alfabeti.

Kosa linalofanywa na karibu kila msomeshaji mpya ni kumtajia mtoto neno akikwama. Hesabuni hadi tano kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Mtoto akipata mwenyewe, neno linakaa. Kosa la pili ni kuwapa watoto wa miaka 12 hadithi ya sungura na karoti. Wataona aibu, watatoroka. Andikeni wenyewe matini fupi za silabi nyepesi kuhusu mpira, simu, dada aliyesafiri. Msiviite vikundi "wasiojua". Viiteni kwa rangi au majina watakayochagua wao.

Mahali pa kukaa ni shida ya kweli. Korido ina kelele, na kwenye shule ya zamu mbili hakuna darasa tupu. Dakika 40 baina ya zamu ya asubuhi na ya mchana, au kabla ya kengele ya asubuhi, ndizo nafasi zinazopatikana. Msiwatoe watoto kwenye somo jingine. Mwalimu wa somo hilo atakuwa adui wa mpango ndani ya wiki mbili. Mpimeni kila mtoto upya baada ya vipindi kumi na kumhamisha akipanda. Asiyepanda baada ya vipindi 20 apimwe macho na masikio kabla ya kulaumiwa.

Msomeshaji yeyote asikae na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Asibadilishane namba za simu na mtoto wala kumpa zawadi ya siri, wala asipige picha bila ridhaa ya mzazi iliyoandikwa. Asaini daftari la wageni kila anapoingia na kutoka. Shule ikiwa haina utaratibu huu, uleteni siku ya kwanza pamoja na barua za utambulisho. Anayekasirika kuulizwa si mtu wa kumpokea.

Watoto wasiofika

Kipimo kinachotumiwa sehemu nyingi ni kukosa asilimia 10 ya siku za masomo au zaidi, kwa sababu yoyote ile. Kwa mwaka wa siku 190 ni siku 19, yaani kama mbili kwa mwezi. Mbili kwa mwezi hazimshtui mtu, ndiyo maana hupita bila kuonekana. Kila Ijumaa mtu mmoja aketi na walimu wa madarasa, aorodheshe waliokosa siku mbili au zaidi wiki hiyo. Jumatatu wazazi wao wapigiwe simu.

Simu ianze na "tulikuwa tunamuulizia mtoto, hajambo?" Ikianza na onyo, namba haitapokelewa tena. Sababu za mjini zinajulikana: amebaki na mdogo wake mama akiwa kibaruani, sare moja iliyofuliwa haijakauka, familia imefukuzwa kwenye chumba na sasa iko mbali na hela ya nauli haipo, ada ya mtihani imeulizwa darasani mbele ya wenzake. Nyingi zina dawa ndogo. Sare za ziada stoo, zikiwa zimevaliwa na kufuliwa ili zisimtambulishe mtoto kama wa msaada, hurudisha watu wengi kuliko hotuba. Anayehama kweli apewe barua ya uhamisho siku hiyohiyo, hata kama anadaiwa. Bila barua hiyo, shule ya kule aendako itamsimamisha getini.

Chakula cha mchana kinavuta watoto shuleni, hilo halina ubishi, lakini msikianze kama hamna hela ya muhula mzima mkononi. Mpango uliokufa wiki ya sita huacha hasira kuliko njaa iliyozoeleka. Na kompyuta? Msipeleke hadi mjue umeme unalipwa na nani, chumba kina nondo madirishani, na kuna mwalimu aliyesema mwenyewe atazitumia kwa somo gani.

Jambo moja lisilopigiwa picha linaweza kuzidi yote haya: mipaka. Viwanja vya shule mijini humegwa kidogokidogo, leo kibanda, kesho ukuta. Ulizeni kama shule ina hati au ramani ya upimaji na kama vigingi vipo. Kulipia mpimaji na ufuatiliaji wa hati ni msaada mkubwa kuliko darasa moja jipya, kwani darasa linahitaji pa kusimama.

Fedha

Hela isishikwe na mtu mmoja, awe wenu au wa shule. Akaunti ya shule yenye watia saini wawili au watatu, stakabadhi kwa kila kinachoingia, hati ya malipo na risiti kwa kila kinachotoka. Mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki. Wazazi wataisoma, na maswali yao ni ukaguzi wa bure. Kwa vifaa vya ujenzi, lipeni duka moja kwa moja, na kamati ihesabu mifuko na nondo zinaposhushwa. Saruji hupotea kati ya lori na stoo.

Katika kila bajeti tengeni angalau sehemu moja ya kumi kwa matengenezo ya mwaka unaofuata, na msiiguse hata kazi ikipungukiwa. Hapo ndipo koki, komeo na kunyonya shimo vitatoka.

Siku ya kukabidhi

Makabidhiano yaanze miezi mitatu kabla hamjaondoka, siyo siku ya hafla. Andikeni ukurasa mmoja kwa kila kitu mlichotengeneza: kiko wapi, nani ana ufunguo na nani ana wa akiba, kinakaguliwa lini, kipuri gani huharibika kwanza, na fundi gani alikifunga. Achieni vipuri vyenyewe: koki tatu, komeo tano za ziada pamoja na bolti zake, boksi la washa, chupa za klorini ambazo muda wake haujapita. Kisha kwa miezi hiyo mitatu msitengeneze kitu. Koki ikivunjika, subirini muone inachukua siku ngapi shule kuirekebisha kwa mikono yake. Zikipita siku tatu imetengenezwa, kabidhini. Zikipita wiki tatu, rudini kwenye ule ukurasa na mwalimu wa zamu na mfanya usafi, mtafute ni mstari gani umekosa mtu.